UZI: Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga wa Ujiji aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika Dar es Salaam

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila madiwani wakikaa kuchagua meya, humu jukwaani maswali ni yaleyale: ana hela kiasi gani, yuko kambi ya nani, nani kamshika mkono. Ni nadra kukuta mtu anauliza huyu bwana alikuwa anafanya nini kabla ya kuchukua fomu. Leo nawaletea meya ambaye jina lake mnalitaja kila mpira ukipigwa Arusha, ila ukimuuliza shabiki aliyekaa jukwaani atakwambia "si mzee fulani wa hapahapa". Hakuwa wa hapahapa. Ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha umeya Dar es Salaam. Kwenye kitabu chake ni Abedi, kwenye uwanja wa mpira wa Arusha uliopewa jina lake ni Abeid, kwa hiyo ukienda maktaba jaribu yote mawili.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, hatugombani.

Alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Hapa lazima tukae kidogo, maana bila Ujiji humwelewi. Watu wanaijua kwa sababu ya Stanley na Livingstone kukutana pale mwaka 1871, basi. Lakini Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi ziwani. Wamanyema wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walishuka hapo, wakachanganyika na Waha, Waarabu na watu wa pwani, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Kwa hiyo unapata mji wa bara, mbali kabisa na bahari, wenye misikiti, madrasa, kanzu na watu wanaojibizana kwa mashairi. Saadani Kandoro naye ni wa Ujiji, amezaliwa 1926. Malenga, na ni mmoja wa wale 17 walioasisi TANU Julai 1954. Mji mdogo ule umetoa watu wawili wa namna hiyo ndani ya miaka miwili, halafu sisi tunaujua kwa Mzungu kumsalimia Mzungu mwenzake.

Kutoka Ujiji akaenda Shule ya Serikali Tabora, ile iliyoanza kama shule ya watoto wa machifu na ambayo Mwalimu Nyerere pia alipitia. Kijana wa Kiafrika aliyemaliza pale alikuwa na njia iliyonyooka: karani wa serikali, mshahara wa mwezi, baiskeli, heshima mtaani.

Yeye akaishia kwenye dini. Alijiunga na Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa karibu sana na Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934. Wanaojua mambo haya wanajua maana ya uamuzi ule. Ahmadiyya walikuwa wachache, na Waislamu walio wengi hawakuwakubali hata kidogo. Ukisimama kuhubiri, waliokuja kukusikiliza nusu yao wamekuja kukubishia.

Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, iliyochapwa Nairobi mwaka 1953. Ilibeba jina la Sheikh Mubarak, na Amri alikuwa mmoja wa waliosaidia. Kabla yake tafsiri iliyokuwepo ni ya padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Hii ya Ahmadiyya ilizua ubishi mkali, na ni baada ya miaka 16 ndipo ikatoka ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwaka 1969, ambayo ndiyo iko kwenye nyumba nyingi leo. Siingii kwenye nani yuko sahihi, nyuzi za dini zina jukwaa lake. Nachotaka mwone ni kazi yenyewe: kukaa na aya moja, kutafuta neno la Kiswahili linaloibeba bila kumwaga kitu, ukijua kuna masheikh wakubwa watalisoma neno hilo wakiwa na kalamu nyekundu.

Mwaka uliofuata, 1954, kikatoka kitabu chake mwenyewe, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Ana miaka 30. Sehemu ya kwanza anaeleza kanuni: vina, mizani, mishororo, beti, kituo. Sehemu ya pili ni mashairi yake, kama vile anasema nimewaambia namna ya kupika, sasa onjeni. Waliosoma fasihi chuoni wanakijua. Miaka ya 1970 ulipozuka ule ugomvi wa mashairi ya guni, yaani yasiyofuata vina na mizani, akina Kezilahabi walioyatunga upande huu na wanamapokeo upande ule, kitabu hiki kilishikwa kama msahafu na upande wa pili. Kwa Amri shairi lisiloimbika halina maana. Mimi binafsi sikubaliani naye kwa asilimia zote, ila mtu anayeandika sheria, akaziweka wazi ili na yeye apimwe kwazo, ana kitu ambacho viongozi wengi hawana.

Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistan, kusomea kazi ya kuhubiri dini. Aliporudi TANU imeshika moto.

Sasa umeya. Dar ilikuwa manispaa tangu 1949, na baraza lake lilikuwa la Wazungu na Wahindi kwa sehemu kubwa. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama mpaka. Barabara ya lami, taa na mifereji vilifuata mgawanyo huohuo. Vikao ni kwa Kiingereza. Kwenye kiti cha mji ule, kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, ndipo alipokaa sheikh wa kanzu na kofia kutoka Ujiji. Mwaka 1961 Dar ikapewa hadhi ya jiji, na nchi ikapata uhuru.

Baada ya hapo alipanda haraka: mbunge, kisha mkuu wa mkoa, 1963 akawa Waziri wa Sheria, na baada ya Muungano akapewa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Oktoba 1964 akafariki akiwa Ujerumani. Miaka 40.

Hoja yangu ni moja. Huyu mtu hakuanza kujifunza kusimama mbele ya watu alipopata cheo. Alikuwa ameshazomewa vya kutosha kwenye mihadhara, ameshajibu maswali ya watu wasiomtakia mema, na ameshazoea kupima neno kabla ya kulitoa. Cheo kilimkuta njiani. Siku hizi naona tunafanya kinyume: tunampa mtu joho na mkufu, halafu tunasubiri ajifunze kuongea na wananchi.

Nawasilisha. Karibuni mpinge.

#2

Nimeweka mkeka hapa. Uwanja nimeingia tangu mdogo na sikuwahi kujua ni malenga.

#3

Mkuu, uzi mzuri ila unampamba. Kipindi kile TANU ikisema "ni huyu" basi ni huyu. Uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na vingi havikuwa hata na mpinzani. Sasa hapo ushairi unaingiaje? Angekuwa fundi cherehani mwenye kadi ya TANU naye angekuwa meya. Tusichanganye kipaji na upepo.

#4 (mleta uzi)

Mkuu wa #3, upepo ulikuwepo, sikatai. Ila upepo haukubeba kila mtu. Angalia walioachwa. Zuberi Mtemvu alikuwa mtu mkubwa TANU, akajiondoa mwaka 1958 baada ya uamuzi wa mkutano wa Tabora wa kushiriki kura tatu, ule uchaguzi wa mkoloni ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, mtu aliyemsimamisha Nyerere mbele ya watu wa Dar, akafukuzwa mwaka huohuo kwa kuleta suala la dini kwenye wagombea. Kadi zote mbili zilikuwa za TANU.

Swali langu kwako: chama kilichokuwa na wasiwasi mkubwa kiasi hicho na dini kuingia kwenye siasa, kwa nini kimsukume sheikh, tena wa Ahmadiyya, kwenye kiti cha mji wenye Waislamu wa Sunni wengi? Kwa hesabu za siasa alikuwa mzigo, maana hana kundi kubwa la kumletea kura wala ukoo wa Dar. Mimi naona walimchukua kwa uwezo. Kama una jibu jingine lilete, natega sikio.

#5

Jibu jingine lipo. Kwa sababu hakuwa na kundi, hakuwa tishio. Wanasiasa wanawapenda sana watu wenye akili wasio na jeshi nyuma yao. Ni mpaka leo.

#6 (mleta uzi)

Hahaha, #5 umenipiga mahali. Hiyo naikubali nusu. Nusu nyingine naiacha wazi kwa wengine.

#7

Wanangu, niruhusuni mzee mwenzenu niseme kidogo.

Mnaongea kana kwamba meya wa wakati ule alikuwa na madaraka ya mfalme. Kazi ya baraza ilikuwa taka, masoko, leseni za biashara, taa, mitaro, ramani za nyumba. Ni kazi ya kuudhi watu. Mama anayepika pombe nyuma ya nyumba Ilala alilijua baraza kwa sura ya askari wa manispaa, si kwa sura ya meya. Mwafrika kukaa kwenye kiti kile kulimaanisha kwamba safari hii anayeamua leseni na mtaro anaweza kuulizwa kwa lugha ya aliyeathirika. Hilo ndilo la kuangalia. Sheria ndogo za mji zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ambayo watu waliokamatwa kwazo hawaisomi.

Na mleta uzi, umepita haraka sana kwenye Kiswahili. Mambo Leo, lile gazeti la serikali lililoanza 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi, na huko ndiko watu wa bara na wa pwani walikuwa wanajibizana: mmoja Tanga, mwingine Dodoma, mwingine Kigoma. Shairi likiulizwa swali, linajibiwa toleo lijalo. Hivyo malenga alifahamika nchi nzima kabla hajafika Dar kwa miguu yake. Nyinyi mna mtandao, sisi tulikuwa na Mambo Leo. Mwanasiasa wa sasa anatafuta jina kwa mabango.

#8 (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Umeniongezea jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye #1. Jina la mtunzi lilikuwa linatangulia kufika kabla yake, na lilikuwa linafika kwa hoja. Asante sana.

#9

Naomba kuuliza, msinicheke. Kwa sasa mtu anafikaje kuwa meya? Mimi nilidhani tunampigia kura sisi.

#10

Hakuna wa kukucheka, wengi hawajui. Nimekaa kwenye vikao vya halmashauri kiasi, nikueleze.

Wewe unapiga kura ya diwani wa kata yako. Diwani lazima awe ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na amedhaminiwa na chama, mgombea binafsi hakuna. Wakishaapishwa, madiwani wa kata, wa viti maalum na wabunge wa eneo hilo wanakaa kikao cha kwanza na kuchagua meya kutoka miongoni mwa madiwani. Naibu meya anachaguliwa kila mwaka. Hayo yote yanatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, Namba 8 ya 1982. Kama ni halmashauri ya wilaya au mji mdogo, hakuna meya, kuna mwenyekiti.

Lakini mchezo wenyewe unakwisha mapema zaidi. Chama chenye madiwani wengi kinapitisha jina lake kwanza ndani kwa ndani, na kikao cha baraza kinakuja kupiga muhuri. Kwa hiyo anayetaka umeya anatafuta kura za watu thelathini au arobaini hivi anaowajua kwa majina, na anajua mmoja mmoja anataka nini. Hapo ndipo ile hoja ya mleta uzi inapogonga mwamba: mfumo haumdai mtu awe amewahi kuongea na umma. Unamdai awe anajua kuongea chemba.

Na akishakaa, mwenye fedha na watumishi ni mkurugenzi, ambaye hakuchaguliwa na hao madiwani. Meya anaongoza baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi. Meya mwenye ulimi na akili anamweka mkurugenzi sawa kwa maswali. Meya asiyesoma makabrasha anakabidhiwa bahasha ya ajenda asubuhi ya kikao, anafungua ukurasa wa kwanza mbele ya watu, na mchana imepita. Nimeliona hilo kwa macho, kabrasha la kurasa mia na ushee, mwenyekiti wa kikao analifunua kama mtu anayetafuta picha.

#11

#10 umemaliza. Na msisahau kuna miaka mabaraza yenyewe yalifutwa. Mwaka 1972 serikali ikayaondoa, mambo ya miji yakaendeshwa kutoka mkoani, mpaka mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978. Dar nayo baraza likavunjwa tena 1996, ikaendeshwa na tume. Mwaka 2000 zikazaliwa Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye Ubungo na Kigamboni, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kiti alichokalia Sheikh Amri kimebomolewa na kuchongwa upya mara kadhaa. Ukisema "meya wa Dar" leo lazima ufafanue Dar ipi.

#12

Kwa heshima ya marehemu, na kwa kufuata sheria zake, mizani nane kwa nane:

*Taka zajaa sokoni, mchana hata usiku,*
*Uko wapi we diwani, jana ulipita huku,*
*Leo huji mtaani, twakungoja kila siku,*
*Meya shuka uwanjani, siyo maneno ya chuku.*

Hesabuni wenyewe. Atakayekuta mizani imepungua nampa soda.

#13

Nimehesabu kwa vidole. Soda imekwepa. Ila "we diwani" hapo umekata neno upate nane.

#14

Hiyo ni inkisari, ndugu yangu. Malenga anaruhusiwa.

#15

Tukirudi kwenye mada. Mimi kinachonisumbua ni kwamba mnamsifia kwa alichokuwa kabla, ila hakuna aliyesema alifanya nini. Aliacha nini kinachoonekana? Mitaro? Soko?

#16 (mleta uzi)

Swali la haki. Kwenye umeya alikaa muda mfupi mno, na sitakudanganya kwamba kuna mtaro una jina lake. Uliza alichofanya baadaye, maana ndiko ile tabia yake ilipata nafasi.

Desemba 10, 1962 Mwalimu alihutubia Bunge kwa Kiswahili, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri. Sheikh Amri alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanapigia debe lugha hiyo itumike kwenye shughuli za dola, si majukwaani tu. Alipoingia Wizara ya Sheria 1963, mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Kabla ya hapo Mwafrika alikuwa na mahakama zake za wenyeji, pembeni, na mahakama zenyewe zikiwa za watu wengine. Sheria ile ikaziunganisha kwenye mfumo mmoja, ngazi ya chini ikawa mahakama ya mwanzo, na lugha yake Kiswahili. Mtu anasimama kizimbani, anaelewa anashtakiwa kwa nini, anamuuliza shahidi mwenyewe.

Mzee wa #7 ametaja sheria ndogo zilizoandikwa kwa lugha ambayo mshtakiwa haisomi. Mwanzoni mwa utawala wa uhuru jibu lilianzia hapo, mahakama ya mwanzo. Ngazi za juu zilibaki na Kiingereza, hukumu zinaandikwa kwa Kiingereza, mpaka mabadiliko ya sheria ya Februari 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hiyo ni miaka 58 baadaye, na hata sasa pita korridoni Mahakama Kuu usikilize mawakili wanavyoongea.

#17

Nipo mahakamani kila wiki, nathibitisha. Hakimu anasema "tunaendelea kwa Kiswahili", wakili anaanza vizuri, dakika ya tatu keshahamia Kiingereza na mteja wake ananiangalia mimi nimtafsirie.